KONA YA MWALIMU: Kalamu isiyoandika

Huku shuleni vumbi ni jingi na chaki ni chache. Mwezi huu nilitaka kuandika juu ya mitihani. Lakini mama mmoja alinijia na swali, na baada ya kulisikia nikaona mitihani ingoje.

Huyu mama ni mtu mzima, ana wajukuu. Binti yake aliondoka hapa kambini na watoto mwaka 2022, wakaenda Marekani. Mjukuu mkubwa nilimfundisha mimi mwenyewe darasa la tano. Alikuwa mtoto wa kukaa mbele, anayefuta ubao bila kuambiwa. Sasa ana miaka 15.

Mama akaketi kwenye dawati, akaniambia:

“Mwalimu, nisaidie. Huko Amerika, kalamu iko na kosa gani?”

“Kalamu, Mama? Kalamu haina kosa.”

“Sasa mbona wamemsimamisha mtoto shule siku tano sababu ya kalamu?”

Akatoa simu. Binti yake anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na Kiingereza bado hajakijua vizuri. Barua ilitoka shuleni. Nani aisome pale nyumbani? Ni mtoto mwenyewe. Akaisoma, akamwambia mama yake: “Wanasema nilileta kalamu isiyoruhusiwa.” Mama akashangaa, roho ikakataa kutulia, akaipiga barua picha, akaituma kwa WhatsApp mpaka huku kwa bibi, akisema mpelekee mwalimu wake wa zamani aisome.

Nikaisoma. Nikairudia. Barua ilisema mtoto alikutwa chooni na kalamu ya kuvutia mvuke, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya bangi.

Mnaona? Mtoto hakudanganya. Alitafsiri neno moja tu, mengine akayaacha kwenye karatasi.

Ndiyo maana ninaandika. Wengi wetu tuna mtoto, mdogo wetu au mpwa huko ng'ambo. Na hata ambaye hana mtu huko, asifunge gazeti, maana sehemu ya mwisho inatuhusu sisi tulio hapa.

HIKI KITU NI NINI?

Bangi tunaijua. Wengine hapa Uganda wanaiita enjaga. Inasokotwa kwenye karatasi, inawashwa, moshi unatoka, harufu inafika mpaka kwa jirani. Mzazi wa zamani hakuhitaji kusoma ili ajue. Pua ilimtosha.

Hii ya sasa ni tofauti. Vijana wanaiita vepu, au kalamu. Ndani yake kuna betri ndogo, waya mdogo unaopata moto, na kichupa cha mafuta yaliyotolewa kwenye bangi. Mtu akivuta, waya unayachemsha mafuta yanakuwa mvuke. Hakuna kitu kinachoungua, hakuna majivu, na harufu ni kidogo na inapotea haraka. Nyingine inafanana na kalamu, nyingine na kile kidude cha kuhifadhia kazi za kompyuta. Inakaa mfukoni au kwenye soksi. Mzazi anaweza kuishika mkononi akaiweka juu ya meza, akasema, mwanangu, umesahau kalamu yako.

Jambo la pili ni ukali. Kemikali inayolevya kwenye bangi wanaiita THC. Bangi iliyokamatwa Marekani miaka ya katikati ya 1990 ilikuwa na THC kama 4 katika 100. Mafuta ya kalamu hizi yanaweza kupita 60 katika 100. Kwa hiyo mzazi anayesema “hata babu yangu alivuta na akazeeka vizuri” anaongea juu ya kitu kingine. Jina ni moja, nguvu si moja.

NAMBA ZINASEMA NINI?

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kinawauliza wanafunzi juu ya ulevi na dawa kila mwaka tangu 1975. Mwaka 2018, katika wanafunzi 100 wa darasa la mwisho la sekondari, 7 au 8 walisema wamevuta bangi ya mvuke ndani ya siku 30 zilizopita. Mwaka 2019 wakawa 14. Karibu mara mbili kwa mwaka mmoja! Katika historia yote ya uchunguzi ule, ni mara chache sana kitu chochote kimepanda hivyo. Baada ya hapo kasi ilisimama, lakini jambo lenyewe halijaisha.

Lakini geuzeni namba hiyo muiangalie upande wa pili. Kama ni 14, basi 86 hawakuvuta mwezi ule. Kijana akikwambia “huko kila mtu anavuta”, si kweli. Kijana mwenyewe akilijua hilo, linamsaidia kukataa.

KWA NINI MTOTO ANAINGIA HUMO?

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu sisi wazazi na walimu tunapenda jibu moja: “Ni mtoto mbaya.” Waliochunguza wameona mambo mengi yanayotembea pamoja na kalamu hii. Nasema yanatembea pamoja, sisemi yanasababisha. Siku ya mvua unaona miavuli mingi, lakini mwavuli hauleti mvua. Hata hivyo, ukiona miavuli mingi njiani, anua nguo zako.

La kwanza ni rafiki. Mtoto ambaye wenzake wanavuta, yuko karibu zaidi na kuvuta. Mara nyingi hainunui. Anapewa.

La pili ni mvuke wa tumbaku. Kuna vepu za nikotini zenye ladha ya embe, ya peremende, ya pipi. Kijana aliyezoea hizo anakutwa zaidi na za bangi pia. Mkono umeshajua njia ya mdomo.

La tatu ni kutoona hatari. Majimbo mengi ya Marekani yameruhusu bangi kwa mtu mzima wa miaka 21 na zaidi. Colorado na Washington yalitangulia, kwa kura ya mwaka 2012. Kijana anaona duka lina taa na kibao kizuri, anasema kumbe ni kitu cha kawaida.

La nne ni huzuni na wasiwasi. Vijana wenye mawazo mazito, wasiolala vizuri, wanaojiona hawana mtu, wanaonekana zaidi kwenye hesabu hii. Na hapa niwaulize: ni mtoto gani wa mkimbizi ambaye hana mawazo?

La tano ni nyumbani. Pale ambapo mzazi anajua mtoto yuko wapi, yuko na nani, na anarudi saa ngapi, uvutaji unakuwa mdogo. Sisemi mzazi anayepiga. Sisemi mzazi anayepekua begi kila jioni. Nasema mzazi anayejua, na mara nyingi anajua kwa sababu mtoto mwenyewe anamwambia.

Sasa mfikirieni yule binti wa mama yetu. Anatoka kazini alfajiri, mtoto anaondoka kwenda shule. Mtoto anarudi, yeye amelala au anajitayarisha kwenda kazini. Si kwamba hampendi. Anamlipia nyumba, anamlipia umeme, na huku anatuma kidogo kwa bibi. Na kwa sababu mtoto ndiye anayejua Kiingereza, mtoto ndiye anayeongea na benki, na daktari, na shule. Funguo zote za nyumba ziko mkononi mwa mtoto wa miaka 15. Huo ni mzigo, tena mkubwa.

HATARI YA MWILI NA HATARI YA KARATASI

Hatari ya mwili kwanza. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengeka mpaka karibu miaka 25. Bangi inagusa kumbukumbu na umakini, vitu viwili ambavyo mwanafunzi anavihitaji kila siku. Anayeanza mdogo yuko hatarini zaidi kushindwa kuacha. Bangi kali, ikivutwa mara kwa mara, inahusishwa na kuchanganyikiwa akili, kusikia sauti zisizokuwepo, na kutapika kusikoisha.

Halafu kuna yaliyotokea mwaka 2019. Huko Marekani watu walianza kufika hospitali wakikosa pumzi. Mpaka tarehe 18 Februari 2020 walihesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na waliofariki walikuwa 68. Katika kila wagonjwa 100, 15 walikuwa hawajatimiza miaka 18. Wengi walikuwa wamevuta mafuta ya THC, hasa yale ya kununua kwa watu na kupewa na marafiki. Waliochunguza walikuta mafuta ya vitamini E yamechanganywa humo kuyafanya yaonekane mazito. Vitamini E ukiila kwenye chakula haina shida. Ukiivuta mapafuni, ni habari nyingine. Kijana anayepokea kalamu chooni hajui ndani mna nini, na hata yule anayempa hajui.

Hatari ya karatasi wengi hawaijui. Mkimbizi akikaa Marekani mwaka mmoja anatakiwa kuomba kadi ya ukaaji wa kudumu, na baadaye anaweza kuomba uraia. Jimbo linaweza kuruhusu bangi, lakini sheria ya nchi nzima bado inaihesabu kati ya dawa zinazodhibitiwa, na mambo ya uhamiaji yanaamuliwa na sheria ya nchi nzima. Mwezi wa Aprili 2019 idara ya uhamiaji ya huko ilieleza wazi kwamba mambo ya bangi yanaweza kumzuia mtu kupata uraia, hata kama jimbo lake linairuhusu. Jirani yake aliyezaliwa kule atavuta aende zake. Yeye mgeni anaweza kuulizwa swali hilo ofisini, chini ya kiapo.

Kosa la mtoto kwa kawaida haliangaliwi sawa na la mtu mzima, kwa hiyo siandiki haya kuwatia hofu. Naandika ili mzazi asitie sahihi karatasi ambayo hajaielewa. Kwanza aende kwa shirika lililompokea, aombe kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Na kwa barua za shule aombe mkalimani mtu mzima. Mtoto asitafsiri kesi yake mwenyewe.

KOSA LANGU

Sasa turudi hapa kambini. Kalamu hizi hazijawa nyingi kwetu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 juu ya tumbaku imekataza kabisa kuuza sigara za umeme. Lakini bangi ya karatasi ipo, na mnajua inapouzwa kuliko mimi. Na yale mambo matano niliyoyataja yapo hapa yote. Marafiki wapo, mawazo yapo, na muda mtupu baada ya shule upo wa kumwaga.

Mwaka jana kijana mmoja wa darasa la sita aliingia darasani ananuka bangi. Ana miaka 15, kama yule wa Marekani. Nilimsimamisha mbele ya wenzake wote. Nikamwambia toka, usirudi mpaka uje na mzazi. Darasa likacheka. Yeye akachukua daftari lake moja akatoka.

Kesho yake hakuja, na wiki ikapita. Mimi nilikuwa na watoto zaidi ya 100 darasani, nikaendelea. Baada ya wiki tatu ndipo nikaenda kwenye bloku yao. Kumbe mzazi niliyemwambia amlete hayupo. Anaishi na dada yake wa miaka 19 mwenye mtoto mchanga. Kijana alikuwa anabeba jerikani za maji kwa malipo, na jioni anakaa na wale wale waliompa bangi, kwa sababu ndio peke yao wasiomcheka.

Nilimwomba msamaha. Alisema, “Sawa, Mwalimu.” Mpaka leo hajarudi darasani. Nikimkuta njiani tunasalimiana, ananiuliza habari za wenzake, halafu anabeba jerikani zake anakwenda.

Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi sikumkunja, nilimvunja. Nilidhani ninalinda darasa, kumbe nimemkata kamba moja aliyokuwa ameshikilia.

BIBI ALIFANYA NINI?

Yule mama alipoelewa barua, alikaa kimya. Kisha akaniuliza, “Nimtukane?” Nikamsimulia habari ya kijana wa jerikani. Akaondoka.

Baada ya siku nne akarudi na simu. Alikuwa amemtumia mjukuu sauti. Hakutaja kalamu. Alimuuliza: “Leo umekula nini? Ulikula na nani?” Ndiyo maswali aliyokuwa akimuuliza tangu mdogo, akirudi kutoka kwangu darasani.

Mtoto akajibu kwa Kiswahili ambacho kimeanza kulegea. Alisema shuleni kwao kuna ukumbi wa kulia chakula, kila kundi lina meza yake. Mwaka mzima wa kwanza alikula peke yake amesimama karibu na dirisha. Wale wa kalamu ndio waliokuwa wa kwanza kumsogelea na kumpa nafasi akae. “Bibi,” alisema, “nilitaka tu kukaa.”

Mama alinichezea sauti ile mara mbili. Sikuwa na la kumfundisha.

Tangu siku hiyo bibi na mjukuu wanaongea kila Jumapili, akipata bando. Mtoto mwenyewe alimweleza mama yake barua yote, neno kwa neno. Mama ameomba shuleni mkalimani, na kazini ameomba abadilishiwe zamu. Zamu bado hajajibiwa. Mtoto amerudi shule. Kama ameacha kabisa, sijui, na bibi hajui. Lakini wanaongea.

TUFANYE NINI?

1. Ukisikia au ukiona, usianze na fimbo wala kelele. Uliza kwanza: ulipewa na nani, lini, na ulikuwa unajisikiaje siku hiyo? Halafu nyamaza usikilize.

2. Jua majina ya marafiki watatu wa mtoto wako, na nyumba zao. Kama huwajui, anza leo jioni.

3. Sema msimamo wako waziwazi. Mtoto asibaki anakisia. “Mimi sitaki uvute, na sababu ni hizi.” Hilo linaweza kusemwa bila matusi.

4. Mlio na watoto ng'ambo, watumieni sauti. Msiongee habari za pesa peke yake. Waulizeni wamekula na nani.

5. Mtoto akikosa pumzi, akiumwa kifua, akitapika bila kukoma au akiongea mambo yasiyoeleweka baada ya kuvuta, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe ukweli. Aibu isimchelewishe.

6. Na sisi walimu: tusimfukuze mtoto kabla hatujafika kwao.

Ninyi vijana mliosoma hapa kwa sauti, asanteni. Kama mlifika kwenye mstari mkataka kuuruka, rudini muusome. Wazazi wanawasikiliza.

Kuna kijana mmoja anayebeba maji karibu na bomba la chini. Dawati lake, la tatu upande wa dirisha, bado sijampa mtu. Yeyote anayemjua amwambie hivyo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya mitihani.

Mwalimu wenu wa kujitolea